Dawa Ikikusumbua, Usiiache Kimya Kimya

  Leo sina mahubiri. Nina jambo la kuwaomba, na kabla sijaomba lazima nitubu mbele yenu.

Wengi wenu mlikuwa kwenye kesha la Ijumaa, katikati ya mfungo wetu wa siku 21. Mnakumbuka baba mmoja alisimama akashuhudia kwamba ameacha dawa za ini kwa imani, na kanisa likalipuka. Mimi ndiye niliyekuwa na maikrofoni. Nilipaza sauti Haleluya mara tatu, kinanda kikaingia, tukacheza mpaka vumbi likainuka. Jumapili baada ya ibada mke wake alinisubiri mpaka watu wakaisha, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mchungaji, tembe zimebaki kwa kabati. Nizifanyie nini?"

Sikuwa na jibu. Nimehubiri uponyaji zaidi ya miaka kumi na tano, nimesoma chuo cha Biblia, na sikuwa na jibu la mama mmoja aliyeshika mkoba wake mlangoni pa kanisa.

Baba huyo ameniruhusu niandike bila kumtaja jina. Ameyasoma haya kabla yenu. Sehemu mbili aliniambia nitoe, nimezitoa.

Anatibiwa homa ya ini aina ya C, ile wanaita hepataitisi C. Hiki ni kirusi kinachokaa kwenye damu na kuumiza ini polepole, miaka kumi, ishirini, hata thelathini, bila wewe kujua. Kilitambuliwa mwaka 1989, na waliohusika na kazi hiyo walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2020. Mpaka leo hakina chanjo, tofauti na ile ya aina ya B ambayo watoto wetu huchanjwa kliniki. Lakini kina dawa, na dawa hiyo inaponya kabisa. Ni tembe, kwa kawaida moja au mbili kwa siku, wiki 12. Zaidi ya watu 95 kati ya 100 wanaozimaliza wanapona.

Wazee wa kazi hii watakwambia zamani haikuwa hivi. Kabla ya mwaka 2014 hivi mgonjwa alidungwa sindano kila wiki, miezi sita au mwaka mzima, na kila sindano ilimwacha akitetemeka kama mwenye malaria. Wengine nywele zilinyonyoka, wengine huzuni iliwakamata hata wakatamani kufa, na mwishoni karibu nusu hawakupona. Tembe za sasa zilipoingia Marekani, moja iliuzwa dola 1,000. Leo zinatengenezwa India na Misri kwa bei ndogo sana ukilinganisha na hiyo. Mimi hilo naliita mlango uliofunguliwa na Bwana, na sioni aibu kulisema madhabahuni.

Sasa tatizo la baba yetu lilikuwa wapi? Wiki nne za kwanza alivumilia. Kichwa kilimuuma, alichoka kama mtu aliyechuna majani chai siku nzima, usiku usingizi ukamkataa. Daktari alikuwa amemwambia mapema kwamba hayo yanaweza kutokea, na kwamba kwa wengi ni madogo na yanapita. Kisha nikatangaza mfungo. Nilisema kanisa lote, bila kuacha mtu. Yeye ni mtii, akafunga. Akawa anameza tembe asubuhi kwa maji matupu, tumbo halina kitu tangu jana, halafu anatoka kwenda shambani. Kichefuchefu kikamshika akawa anatapika kando ya njia.

Akiwa katika hali hiyo, mtu wa kikundi chake cha maombi akamwambia, "Dawa imekukataa. Dawa ikikukataa ujue Mungu ameikataa."

Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu haya maneno tunayatumia sana huku kwetu. Dawa imemkataa. Tunasema hivyo kwa dawa za TB, kwa ARV, kwa dawa za presha, kwa mama anayepanga uzazi. Mtu akikataliwa afanye nini? Anaondoka. Ndivyo neno lenyewe linavyomfundisha. Lakini tembe haina moyo wa kumkataa mtu. Kilichompata baba yetu ni kwamba dawa ilimsumbua, na mtu anayesumbuliwa anakwenda kumwambia yule aliyempa. Hilo ni jambo la simu moja au nauli ya matatu. Tumeligeuza likawa vita vya kiroho, na mgonjwa ndiye anayepigana peke yake usiku.

Alhamisi ya wiki hiyo akaacha. Ijumaa akashuhudia. Mimi nikapiga makofi.

Jumatatu asubuhi tulipanda matatu pamoja tukaenda kliniki. Daktari ni kijana, umri wa mtoto wake wa kwanza. Akamuuliza kwa heshima, "Baba, umekosa siku ngapi?"

"Nne."

"Ni nini kilitokea?"

Mzee akaniangalia. Sitasahau yale macho. Hakutaka kunitaja, na hakutaka kusema uwongo. Ikabidi niseme mimi, "Daktari, ni kanisa."

Yule kijana hakutukemea. Ningependa angetukemea, ingekuwa rahisi. Alieleza tu kwamba kirusi hakijui kama umeacha kwa imani au kwa uzembe. Ukikata dawa katikati, kile kilichobaki kinaweza kuinuka tena, na pengine kikawa kigumu kutibu kuliko mwanzo. Kwa vile zilikuwa siku nne tu, akamwambia aendelee siku hiyohiyo, asimeze mbili kwa pamoja kufidia, akamchukua damu. Wewe uliyekosa siku zako usifanye hesabu na hizi za baba yetu. Nenda uulize.

Kisha akaanza kumuuliza mambo ambayo sisi hatukuuliza hata moja. Unameza saa ngapi? Unakula nini kabla? Unakunywa maji kiasi gani? Kuna dawa nyingine unatumia? Hapo ndipo ilipojulikana kwamba mzee alikuwa anameza dawa ya kiungulia aliyonunua dukani, na chupa ya mitishamba kutoka sokoni Daraja Mbili, aliyoambiwa inasafisha ini. Daktari alishika kichwa. Dawa za kiungulia huzuia baadhi ya tembe za hepataitisi zisiingie mwilini inavyotakiwa. Ile chupa hakuna anayejua ndani kuna nini, na kila kinachomezwa ini ndilo hukichuja, ini hilohilo tunalojaribu kuliokoa. Akaongeza kwamba mtu anayetumia dawa za TB lazima aseme, kwa sababu moja kati ya zile dawa inavunja nguvu ya hizi tembe. Hata ya maumivu usijinunulie tu. Uliza ni ipi na kiasi gani, maana zile tunazomeza kama peremende si salama kwa kila ini.

Mashauri aliyompa yalikuwa ya kawaida kabisa, hata mama yake angempa. Ahamishe saa ya dawa iwe saa tatu usiku, baada ya chakula. Ale kidogo kidogo mara nyingi, ugali wa wimbi na mboga zake, ndizi, uji, badala ya sahani moja kubwa. Anywe maji. Chai ya jioni apunguze ili usingizi urudi (hapo mzee alinung'unika, sisi watu wa Nyamira na chai mnatujua). Akichoka apumzike bila kujilaumu, lakini atembee kidogo kila siku. Pombe asiguse. Na akiona macho yamekuwa manjano, au tumbo linavimba, au anatapika damu, au choo kimekuwa cheusi kama lami, au anaanza kuchanganyikiwa, asingoje siku ya kliniki wala siku ya maombi. Aje hospitali saa hiyohiyo.

Wiki moja baadaye kichefuchefu kilikuwa kimeisha. Uchovu upo, lakini anaubeba.

Najua kuna ndugu watasema mchungaji ameishiwa imani, ameanza kuhubiri hospitali. Fungua 1 Wafalme 19. Eliya ametoka kushusha moto Karmeli, anaanguka chini ya mti anaomba afe. Malaika alipokuja hakumkemea pepo wa uchovu. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akampa tena. Sauti ya Mungu ilikuja baadaye kule mlimani. Soma pia Isaya 38, ambapo Hezekia anaongezewa miaka 15 kwa neno la Bwana, na bado nabii anaagiza tini ziwekwe kwenye jipu. Isaya hakuona kwamba zile tini zinamwaibisha Mungu.

Na sisi Abagusii hatuna haja ya kufundishwa na mgeni kwamba tiba ina maumivu. Babu zetu walikuwa na ababari, waliofungua kichwa cha mtu aliyeumia wakakwangua mfupa, jambo ambalo wasomi wa nje walikuja kuliandikia vitabu. Sidhani mgonjwa wa omobari aliambiwa amelaaniwa kwa sababu kichwa kilimuuma kesho yake.

Kuna jingine, na hili ndilo lililoniuma zaidi. Habari ilipovuja kwamba mzee ana ugonjwa wa damu, nafasi mbili kwenye benchi lake zikabaki wazi. Siku ya Meza ya Bwana nilimwona mama mmoja akipitisha kikombe bila kunywa baada yake. Wapendwa, kirusi hiki hakiambukizwi kwa kikombe, sahani, kusalimiana, kukumbatiana wala kula pamoja. Kinapita kwa damu kuingia kwenye damu: sindano iliyotumika, damu ya kuongezewa isiyopimwa, vyombo vya kutoboa mwili visivyochemshwa, wembe mmoja kwa watu wengi. Na sisi tunaotahiri vijana kila Desemba tuangalie sana hilo la wembe.

Wala msiulize aliupata wapi. Nchi ya Misri ilikuwa na wagonjwa wengi wa hepataitisi C kuliko karibu nchi yoyote duniani, na wengi wao waliambukizwa na matibabu: serikali iliwadunga wanavijiji sindano za kichocho kwa miaka mingi, na sindano zilirudiwa. Walienda kutafuta uzima wakarudi na kirusi. Nani alitenda dhambi hapo? Kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019 nchi hiyohiyo ilipima karibu watu milioni 50 na kuwapa tembe waliokutwa nacho. Nikisoma hayo namkumbuka Yusufu na maghala yake.

Sasa yale ninayobadilisha kama mchungaji wenu. Mfungo ukitangazwa tena, mwenye dawa ya kumeza kila siku hafungi chakula mpaka aongee na daktari wake. Atafunga simu, atafunga maneno, Mungu anaona. Wazee wa kanisa wamekubali, ingawa mmoja alikubali akiangalia dari.

Pia hakuna atakayeshuhudia kwenye madhabahu yangu kwamba ameacha dawa. Utashuhudia umemaliza, au umepimwa ukaonekana mzima. Katika Luka 17 Bwana aliwatuma wale wenye ukoma kumi wakajionyeshe kwa makuhani, ambao ndio waliokuwa na kazi ya kupima na kutangaza nani ni safi. Yesu mwenyewe hakukwepa kipimo, mimi ni nani? Baba yetu atapimwa damu wiki 12 baada ya tembe ya mwisho. Kirusi kisipoonekana siku hiyo, huhesabiwa amepona. Hilo kesha mtalijua, maana sitawaacha mlale.

Na wewe unayesoma haya umejifunika blanketi, tembe ziko chini ya godoro, umeziacha tangu juzi kwa sababu zinakusumbua na unaogopa kumwambia daktari, na unaogopa kuniambia mimi zaidi: niandikie inboksi. Sitakuuliza imani yako iko wapi. Nitakuuliza kliniki yako ni siku gani, na kama huna wa kukusindikiza tutapanda matatu pamoja. Akina mama wa ushirika wa Jumanne wamejitolea kupeleka uji kwa wanaoshindwa kula. Watauacha mlangoni ukitaka, hawatauliza ni ugonjwa gani. Nimewaonya.

Mzee amebakisha siku 23. Mke wake amechora kalenda ukutani jikoni, na mjukuu ndiye anayeweka alama kila usiku baada ya chakula.

Kesha la Ijumaa hii lipo kama kawaida, tunaanza saa mbili na nusu. Saa tatu tutasimama dakika tano. Wenye dawa za saa hiyo, mje na maji na kitu cha kula.