Huzuni Nayo Ni Maradhi

Wako watu wasemao kwamba mwenye kumeza vidonge vya maradhi ya huzuni imani yake ni dhaifu. Subhanallah! Mbona mwenye sukari hawamwambii hivyo? Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu, na wafiwa aliwasifia talbina, uji wa shayiri, kuwa huondoa baadhi ya huzuni. Na Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kwamba iko huzuni yenye sababu ijulikanayo, na iko isiyojulikana sababu yake, ambayo asili yake ni mwilini.

Lakini na wewe umezaye usidhani hiyo ni Panadol. Fluoksetini na amitriptilini hukaa wiki kadha kabla ya kuonyesha faida, na wako zisiowafaa. Ukiziacha ghafla waweza kupata kizunguzungu na kukosa usingizi. Mwaka 2004 wakubwa wa dawa wa Marekani waliamuru ziandikwe onyo: baadhi ya watoto na vijana hujiwa na fikira za kujiua, khasa mwanzoni. Basi kijana wako mwangalie, na vidonge uviweke wewe, kwani amitriptilini nyingi kwa mara moja yaweza kusimamisha moyo.

Kisomo na dawa havigombani. Na wewe uliyemwambia bintiyo avitupe vidonge asomewe tu, mrudishe kwa daktari aliyemwandikia.