Mpeni Mwanafunzi Ushahidi: Barua ya Wazi kwa Taasisi ya Elimu Tanzania

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Taasisi ya Elimu Tanzania,
Dar es Salaam.

Nakala: Katibu Mtendaji, Baraza la Mitihani la Tanzania.

YAH: UFUNDISHAJI WA HISTORIA KATIKA SHULE ZA SEKONDARI

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Somo la Historia ya Tanzania na Maadili limeingia katika mtaala, ni la lazima, na linafundishwa kwa Kiswahili. Nililipokea kwa furaha, na furaha hiyo bado ninayo. Kwa miaka mingi tumewafundisha vita vya Majimaji kwa Kiingereza watoto ambao mababu zao walivipigana, tukawaona wakibabaika darasani kueleza mambo ambayo nyumbani wanayasikia yakisimuliwa bila kigugumizi. Kwa hilo Taasisi yako inastahili shukrani. Ninachokuandikia leo ni jambo ambalo lugha peke yake haiwezi kulitibu. Tunawapa wanafunzi majibu ya historia bila kuwaonyesha majibu hayo yametoka wapi.

Mwalimu yeyote wa Historia anajua insha ya kidato cha nne inavyoandikwa. Utangulizi, hoja sita, hitimisho. Sababu za vita vya Majimaji: kodi, kazi za shokoa, pamba ya lazima, ukatili wa maakida, ardhi kuporwa, mila kudharauliwa. Sababu za kushindwa: silaha duni, imani katika maji ya dawa, makabila mengine kukaa pembeni, na kadhalika mpaka sita zitimie. Tunaziandika ubaoni, wanazinakili daftarini, tunazirudia kwenye majaribio ya mwezi na ya muhula, na karibu na mtihani wa taifa tunawakalisha usiku kusolvu pepa za miaka iliyopita. Hoja hizo si uongo. Nyingi ni za kweli kabisa. Lakini mwanafunzi anaweza kupata alama zote bila kujua hata mara moja nani alisema hivyo, alisema lini, alikuwa upande gani, na kama kuna aliyembishia.

Nitabaki kwenye Majimaji, kwa kuwa ninafundisha mkoa wa Ruvuma na kaburi la halaiki la mashujaa wale liko Songea mjini.

Gavana Gustav Adolf von Götzen, ambaye serikali yake ilivizima vita hivyo, aliandika kitabu kuvihusu kikachapwa Berlin mwaka 1909. Humo waganga na ushirikina vinabeba lawama kubwa. Kule Lindi, Abdul Karim bin Jamaliddini alivitungia vita hivyohivyo utenzi kwa Kiswahili. Alikuwa mtu wa pwani, na anavitazama akiwa pwani. Halafu mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa bado chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walikwenda vijijini kukaa na wazee waliokuwa hai wakati wa vita. Katika kazi hiyo, ambayo majina ya John Iliffe na Gilbert Gwassa yamebaki nayo, wazee walizungumzia mashamba ya pamba ya majumbe, viboko, na malipo yasiyolingana na jasho. Gavana anasema uganga, mzee wa Umatumbi anasema pamba. Huo ndio mgogoro ambao mwanafunzi wa miaka 16 anaweza kuushika, akauliza kila mmoja alikuwa na sababu gani ya kusema alivyosema, akaamua ni upande upi una uzito, na akatetea uamuzi wake mbele ya wenzake. Sisi tumeshamwamulia. Tumechukua pamba ya mzee tukaiweka kwenye sababu za vita, tukachukua uganga wa gavana tukauweka kwenye sababu za kushindwa, kisha tukafuta majina ya wote wawili.

Tazama idadi ya waliokufa. Upande wa Wajerumani iliandikwa kwamba walikufa Wazungu 15 na Waafrika 389 waliopigana upande wao. Kwa upande wa wananchi kuna makadirio tu: Wajerumani walisema watu 75,000, Gwassa akakadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wengi wao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa njaa, kwa sababu vikosi vya Götzen vilichoma maghala na mashamba ili watu wasalimu amri. Mpe mwanafunzi namba hizi nne, kisha muulize swali moja: kwa nini wafu wa upande mmoja walihesabiwa hadi wa mwisho, na wa upande mwingine wakakadiriwa kwa malaki? Nimeliuliza swali hili darasani. Kipindi kiliisha, na wanafunzi hawakutaka kutoka. Katika mtihani wa taifa swali la namna hiyo halina mahali pa kukaa, kwa hiyo wiki iliyofuata tulirudi kwenye hoja sita, maana wazazi wao wanasubiri matokeo na mimi pia napimwa kwa matokeo hayohayo.

Wanafunzi wetu wengi wanamfahamu Kinjeketile wa tamthilia ya Ebrahim Hussein, iliyochapwa mwaka 1969, kuliko wanavyomfahamu Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyegawa maji hayo ya dawa, aliyenyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905 vita vikiwa ndiyo kwanza vinashika moto. Ebrahim Hussein mwenyewe alitahadharisha kwamba Kinjeketile wake si yule wa historia. Lakini katika kipindi cha fasihi mtoto anaruhusiwa kujadili, kupinga na kumtetea mhusika. Anapohamia kipindi cha historia anaambiwa anyamaze anakili. Na Mkomanile, mwanamke aliyekuwa kiongozi hapa Ungoni na akachangia kuyaingiza maji huku, sijamwona katika hoja yoyote kati ya zile sita.

Historia hii haijafungwa, Ndugu Mkurugenzi. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na watu wake, akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni katika vita hivyo, bila kuhakikisha kwamba litapatikana. Miezi michache kabla ya hapo watafiti wa Berlin walikuwa wametangaza kwamba vinasaba vya mafuvu kadhaa yaliyochukuliwa kutoka Afrika Mashariki vimelingana na vya watu walio hai leo, na mojawapo ni la mtu wa karibu wa Mangi Meli, mtawala wa Wachaga aliyenyongwa Moshi mwaka 1900. Wanafunzi wangu waliisikia habari hiyo redioni. Walikuja na maswali. Fuvu hujulikanaje ni la nani? Nani aliandika kwenye kibandiko cha makumbusho, na tumwamini kwa nini? Likirudi, akabidhiwe nani? Haya ni maswali ya mwanahistoria hasa, na yametoka kwa watoto wa shule ya kata isiyo na maktaba. Mihtasari yetu imekuwa ikisema kwamba inajenga umahiri tangu mwaka 2005. Ninaamini walioiandika walimaanisha. Ila umahiri wa historia ni kupima ushahidi, na ushahidi haumfikii mwanafunzi.

Kuna jambo jingine, na hili lina haraka. Wazee waliohojiwa mwaka 1968 wote wamekwisha kufariki. Kama vijana wale wa chuo wangechelewa miaka 20, leo tungebaki na maneno ya gavana. Sasa hivi tuna wazee wengine. Aliyekuwa na miaka 20 Operesheni Vijiji ya kuwahamishia watu vijijini ilipopita mwaka 1974 sasa ana zaidi ya 70. Waliokwenda vita vya Kagera mwaka 1978 wanazeeka na hadithi zao. Kusini huku wapo waliowapokea wakimbizi wa Msumbiji, wapo Nachingwea waliowaona wapiganaji wa FRELIMO kila siku sokoni, na wapo waliokuwa watoto wakati reli ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, ilipong'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Karibu kila shule ya kata imezungukwa na watu hawa. Mwanafunzi anawapita njiani asubuhi akiwaamkia shikamoo, anafika darasani, anakariri tarehe ya Azimio la Arusha.

Ninachoomba ni kwamba kila mwanafunzi, akiwa kidato cha tatu, afanye uchunguzi mmoja wa historia ya mahali anapoishi. Achague tukio, ahoji wazee wasiopungua watatu, aandike maneno yao kama walivyoyasema, ayalinganishe na kitabu cha kiada na hati yoyote iliyopo kijijini, ikiwa ni barua, picha, kadi ya chama au daftari la ushirika, kisha aandike anachokiamini na kwa nini. Afundishwe kwanza kuomba ruhusa, na mzee akisema jina lake lisiandikwe, lisiandikwe. Na kazi hiyo ihesabiwe katika alama za upimaji endelevu zinazoingia kwenye mtihani wa mwisho. Bila kuhesabiwa itakufa. Nimeona mambo mengi mazuri ya mitaala yakifa kwa sababu hiyo moja, na ndiyo maana nakala ya barua hii naipeleka Baraza la Mitihani.

Nitaambiwa madarasa yamejaa. Ni kweli, na kusahihisha insha ndefu za wanafunzi 80 ni mzigo. Waende kwa makundi ya watano. Hapo mwalimu atasoma kazi 16. Nitaambiwa hakuna fedha. Kazi hii inahitaji daftari, kalamu, na mzee aliye tayari kuzungumza, na wazee wetu hawajawahi kuwa wachoyo wa maneno pale kijana anapokuja kwa adabu. Nitaambiwa pia kwamba wazee husahau na huchanganya mambo. Naam, na magavana nao. Kujifunza kulitambua hilo ni sehemu ya somo lenyewe.

Katika vitabu vipya, ninaomba kila mada kubwa iwe na hati halisi walau mbili zinazopingana, na maswali yanayomtaka mwanafunzi azisome. Hati zipo. Masimulizi yaliyokusanywa mwaka 1968 yamehifadhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Majalada ya Wajerumani na ya Waingereza yapo Nyaraka za Taifa, Upanga. Mimi niliye Ruvuma siwezi kuyafikia, na mwanafunzi wangu hawezi hata kuyaota. Taasisi yako ikishirikiana na Chuo Kikuu na Nyaraka za Taifa mnaweza kuteua kurasa mia moja, mkazitafsiri zile za Kijerumani na Kiingereza, mkazichapa kwa karatasi ya kawaida na kuzisambaza shuleni pamoja na vitabu vya kiada. Sioni kazi nyingine ya kuchapa ambayo ingebadilisha somo hili zaidi ya hiyo.

Sasa niseme la mwisho kuhusu neno Maadili lililo kwenye jina la somo. Kuipenda nchi ni jambo ninalolifundisha kwa moyo wote. Hofu yangu ni kwamba kuunganishwa kwa mambo haya mawili kunaweza kumfanya mwandishi wa kitabu aogope kila ukurasa wenye maumivu. Katika Operesheni Vijiji kuna familia zilizopata shule na zahanati kwa mara ya kwanza, na kuna familia zilizobomolewa nyumba mazao yakiwa shambani. Mara nyingine ni familia ileile. Katika biashara ya watumwa ya Kilwa na Bagamoyo kulikuwa na mikono ya wageni na mikono ya watu wetu. Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964 yanakumbukwa kwa shangwe na kwa machozi, wakati mwingine katika mtaa mmoja. Tukiyaficha haya, vijana wetu watayakuta kwenye simu zao, yakiwa yamekatwakatwa na kutiwa chuki na watu ambao hawana wajibu wowote kwao. Afadhali wayasikie darasani, mwalimu akiwapo, ushahidi ukiwa mezani.

Mtaala mpya unaingia madarasani kwa awamu tangu Januari 2024, na mitihani ya taifa itakayoufuata bado inaweza kuundwa vizuri. Ninaomba Taasisi yako na Baraza la Mitihani mjibu hadharani maswali mawili: je, uchunguzi wa historia ya mahali utahesabiwa katika upimaji endelevu, na je, karatasi ya mtihani itakuwa na walau swali moja linalompa mwanafunzi hati asiyowahi kuiona na kumtaka aipime? Mkitafuta shule za majaribio, nipo tayari kuanza na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu muhula ujao, na kuwaletea kazi zao kama zitakavyokuwa, nzuri na mbaya.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Historia,
Shule ya sekondari ya kata, Mkoa wa Ruvuma.