Kahawa, Setilaiti na Tarakimu Sita

Ni desturi ya biashara tangu kale kwamba muuzaji huisifu bidhaa yake. Katika masoko ya Ulaya siku hizi sifa moja imepata bei kubwa, nayo ni kwamba bidhaa haikuharibu mazingira. Ni sifa rahisi kuitamka na ngumu kuihakikisha. Uchunguzi wa Tume ya Ulaya wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya madai ya namna hiyo yaliyochunguzwa hayakuwa wazi, yalipotosha au hayakuwa na msingi.

Ndipo teknolojia mpya zilipoitwa kutoa ushahidi. Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyopitishwa mwaka 2023 inakataza kuuzwa huko kahawa, kakao, mpira, mbao na bidhaa nyingine chache zilizotoka katika ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini matayarisho yamekwisha kuwagusa wakulima. Kama ilivyopitishwa, sheria ilitaka kila shamba litajwe kwa latitudo na longitudo zenye tarakimu zisizopungua sita baada ya nukta ya desimali. Kisha mahali hapo hutazamwa katika picha za setilaiti.

Wanafunzi wa hesabu na wazitazame tarakimu hizo. Nyuzi moja ya latitudo ni karibu kilomita 111. Tukigawanya kwa milioni moja tunapata sentimita 11 hivi, upana wa kiganja. Lakini simu ya mkononi, hata mahali peupe, aghalabu hukosea kwa mita kadhaa, na chini ya miti hukosea zaidi. Kwa hiyo tarakimu ya sita, na hata ya tano, haituambii kitu, ingawa huipa karatasi sura ya kisayansi.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni kihamba cha Mchagga. Humo mibuni huota chini ya migomba, na juu ya migomba husimama mringaringa na miti mingine. Setilaiti za Sentinel-2, ambazo picha zake bora zina vipande vya mita 10 kwa 10, huona vilele vya miti tu. Kompyuta iliyofundishwa kwa mashamba yaliyopandwa kwa safu yaweza kukiita kihamba hicho msitu. Na mwenyewe akikata mti mmoja mzee ili mibuni ipate jua, yaweza kusema msitu umefyekwa. Hivyo aliyetunza miti kwa vizazi atashukiwa, ilhali aliyeing'oa yote kabla ya mwaka 2021 ataonekana safi. Je, huo ndio uuzaji unaotunza ardhi?

Wapo pia wanaotuhubiria kumbukumbu za kompyuta zisizofutika. Kumbukumbu ya namna hiyo huhifadhi uongo kwa uaminifu uleule.

Kosa la setilaiti hurekebishwa na mtu aliyefika shambani. Mwenye shamba kubwa huajiri mpimaji. Mkulima mdogo ana chama chake cha ushirika. Chama cha kwanza cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro kilianzishwa mwaka 1925, na KNCU mwaka 1933, ili mkulima asisimame peke yake mbele ya mnunuzi. Kwa maoni yangu ramani za mashamba ziwe mali ya vyama hivyo. Mnunuzi akigharimia upimaji na kubaki na ramani, mkulima hataweza kupeleka ushahidi wake kwa mnunuzi mwingine, na bei ataipokea kama atakavyopewa.

Walimu wa jiografia waliopo katika wilaya za kahawa waweza kuanza bila kungoja mradi. Pimeni mlingoti wa bendera ya shule kwa simu, asubuhi na jioni, kwa muda wa wiki moja; kisha pimeni mgomba mmoja vivyo hivyo. Chora nukta zote katika karatasi ya miraba, na upime jinsi zilivyotawanyika, ukilinganisha na upana wa kihamba cha jirani.