Kinanda cha Santuri si Pambo la Sebule

Siku hizi imerudi desturi ambayo wengi tulidhani imekwisha kuzikwa: vijana wananunua vinanda vya santuri. Wala si huku kwetu peke yake. Huko Marekani mwaka 2022 santuri ziliuzwa nyingi kuliko sahani za CD, jambo ambalo halikutokea tangu mwaka 1987. Mimi nalifurahia. Lakini ndani ya furaha hiyo nimeona kosa, nami nataka kulitaja wazi, hata kama wenye maduka watanikasirikia.

Kosa lenyewe ni hili: watu hununua kinanda kwa macho, hawakinunui kwa masikio. Huingia dukani wakaona kisanduku mfano wa sanduku la safari, kina rangi ya kupendeza, kina spika ndani yake, tena bei yake ni nafuu. Mara hutoa fedha. Ukiwauliza sindano yake ni ya namna gani, hucheka na kusema, "Ah, Mwalimu, kinanda ni kinanda." Neno hilo ndilo nilipingalo.

Santuri ni mfuo mmoja mrefu, mwembamba, uzungukao toka ukingoni hata karibu na kitovu, na sauti yote imechorwa katika kuta za mfuo ule. Sindano hupita humo ikitikiswa na michoro hiyo. Ikiwa nyepesi na nzima, hupita kama mgeni mwenye adabu. Ikiwa nzito au imechakaa, hupita kama jembe, na kila ipitapo huchukua kidogo cha sauti, nacho hakirudi. Katika kinanda kilichotengenezwa vema, chenye kichwa cha sumaku, sindano hulemea kama gramu 2 tu. Katika vile visanduku, aghalabu hulemea gramu 5 au zaidi, wala nyuma ya mkono hakuna kizani cha kugeuza ili kupunguza uzito.

Sisemi haya kwa kusoma tu. Marehemu babu yangu alituachia kasha la santuri ndogo, zile za mizunguko 45 kwa dakika. Nami kwa haraka yangu nikanunua kisanduku cha namna hiyo. Palikuwa na santuri moja aliyoipenda bibi kupita zote, nikawa naipiga kila jioni naye ameketi kando yangu. Hata ilipopita miezi michache, bibi akaniuliza, "Mjukuu wangu, mbona huyu mwimbaji ameshikwa na mafua?" Nikaitazama sindano, nikaona imechakaa. Kisanduku nilikiacha, lakini mafua yale hayakupona, na nakala nyingine ya santuri ile nimeitafuta nisiipate.

Yuko atakayenijibu, "Kuna hasara gani? Nyimbo zote zimo katika simu." Si kweli. Zilizomo ni zile ambazo mtu alishika taabu ya kuzinakili. Nyingine nyingi hazikunakiliwa kamwe, na nakala iliyo chini ya kitanda cha bibi yako yamkini ndiyo ya mwisho. Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hata Bombay mwaka 1928 ili sauti yake itiwe katika santuri. Je, sauti iliyovuka bahari kwa gharama na taabu, yatupasa kuilima kwa sindano mbovu?

Tena sahani za zama zile si sawa na hizi za baadaye. Zile zilifanywa kwa shelaki, yaani utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe, nazo huzunguka kama mara 78 kwa dakika. Mfuo wake ni mpana, wataka sindano nene mara 3 au 4 kuliko ya sahani za vinili za mfuo mwembamba, ambazo zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1948. Kwa hiyo kinanda kilichoandikwa "78" juu ya kitufe chake, nacho kina sindano moja tu ya vinili, chazunguka kwa mwendo wa haki, lakini sindano yake yaburura chini ya mfuo. Basi, kabla hujauliza bei, uliza nyumbani: nina sahani za namna gani?

Mwingine atanishitaki kwamba nawataka maskini wanunue vitu vya matajiri. Hasha! Nawapinga vilevile wale wasemao kwamba bila waya wa bei ya ng'ombe mtu hasikii muziki. Mimi nasema mambo machache tu. Kinanda kiwe na mkono unaosawazishwa. Sindano yake iweze kubadilishwa, na ya badala ipatikane, maana hata sindano ya almasi ina umri, nao ni kama saa 500 hata 1,000. Kikuza sauti kisisahauliwe, kwani sauti ya kichwa cha sumaku ni ndogo mno. Kinanda kilichotumika, kikikaguliwa na fundi mwaminifu, mara nyingi chashinda kisanduku kipya. Mshahara wa mwalimu naujua. Lakini haraka haraka haina baraka, na haba na haba hujaza kibaba.

Asiyekuwa bado na fedha ya kutosha, na azifute santuri zake vumbi, azitie katika mifuko yake ya karatasi, azisimamishe wima mahali pasipo jua, kwa maana joto huzipinda. Kisha angoje. Zimekwisha kungoja miaka mingi, hazitadhurika kwa kungoja miezi sita zaidi. Lakini atakayeziharibu kwa sababu ya kupenda rangi ya kisanduku, na ajiandae kujibu siku wajukuu wake watakapomwuliza zi wapi nyimbo za wazee wao.