Kompyuta ya Michezo na Mizani ya Matumizi

Huenda msomaji akastaajabu kuona ukurasa huu, ambao umezoea kusema juu ya malezi na haki za jirani, leo wasema juu ya kompyuta ya kuchezea michezo. Asistaajabu. Fedha inayonunua chombo hicho hutoka katika mfuko ule ule unaonunua unga na kulipa ada ya skuli, na kijana anayekitaka ni mtoto wetu. Kila jambo liingialo nyumbani mwa Mwislamu lina adabu yake.

Ama michezo yenyewe, tuseme kwa ufupi. Mchezo usio na kamari wala uchafu, usiokula wakati wa Sala, masomo na usingizi, ni burudani kama burudani nyingine. Walakini mzazi aitazame michezo inayouza masanduku ya bahati, ambayo mtu hutoa fedha asijue atapata nini. Hayo yamekaribiana mno na kamari, na yafaa yaachwe. Baada ya hayo, suali lililobaki ni moja: vipi kijana mwenye fedha kidogo ataunda kompyuta njema bila ya kujidhulumu nafsi yake wala watu wa nyumbani kwake?

Jawabu letu ni hili: asitafute kitu kimoja kilicho bora kuliko vyote, bali atafute vitu vinavyolingana. Suratul Furqan, katika Aya ya 67, imewasifu wale ambao matumizi yao yako kati kwa kati, hayana israfu wala ubakhili. Na ndani ya kompyuta maovu haya mawili huonekana kwa macho.

Kwanza tuvijue viungo vyake. Prosesa ndiyo inayofanya hesabu, na kadi ya michoro ndiyo inayochora picha za mchezo. Kumbukumbu, iitwayo RAM, ni mfano wa meza ya kufanyia kazi, na diski ya SSD ni ghala. Ubao mkuu, ambao mafundi huuita madabodi, huviunganisha vyote, na pawa saplai huvigawia umeme. Kimoja kikiwa dhaifu, vingine humngojea huyo dhaifu, kama msafara unaokwenda kwa mwendo wa punda aliyechoka.

Basi kijana asianze dukani, aanze na skrini. Skrini ya nukta 1920 kwa 1080, yenye mwendo wa 60 Hz, haiwezi kuonyesha picha kamili zaidi ya 60 kwa sekunde. Akinunua kadi ya kuchora picha 150, nyingi katika hizo hatazipata machoni pake, na fedha aliyoilipia imekwenda bure. Hiyo ndiyo israfu.

Tukichukulia kuwa mfuko una shilingi 100, mbali ya skrini, ugawaji ufaao ni takriban hivi: 35 kwa kadi ya michoro, 18 kwa prosesa, 13 kwa ubao mkuu, 12 kwa kumbukumbu, 9 kwa pawa saplai, 8 kwa diski, na 5 kwa kasha. Si sheria, bali ni kipimo cha kumzuia mtu asiielemee sehemu moja.

Kwa skrini tuliyoitaja, mfano wa viungo vilivyolingana ni prosesa ya Ryzen 5 5600, iliyotoka mwaka 2022 na huuzwa pamoja na feni yake. Kadi ya Radeon RX 6600 ya mwaka 2021, yenye GB 8. Na kumbukumbu ya GB 16, iwe vipande viwili vya GB 8, kwani viwili hufanya kazi kwa pamoja upesi kuliko kimoja. Kadi hiyo hula wati 132 tu, basi pawa saplai njema ya wati 550 yatosha na kubakisha. Mwenye mfuko mdogo zaidi aweza kuanza na Ryzen 5 5600G, ambayo ina uwezo wa kuchora ndani yake. Atacheza michezo myepesi bila ya kadi, na kadi ataiongeza baadaye. Haba na haba hujaza kibaba.

Hapo pana mitego miwili. Prosesa za Intel ambazo jina lake huishia na herufi F hazina uwezo huo wa kuchora, na bila ya kadi skrini haitaonyesha kitu. Tena kumbukumbu za DDR4 na DDR5 haziingiliani. Ubao wa AMD wa namna ya AM4 hutaka DDR4, na wa AM5, uliotoka mwaka 2022, hutaka DDR5 peke yake. Na bei iulizwe siku ile ile ya kununua, kwani mwishoni mwa mwaka 2025 kumbukumbu zilipanda bei sana kwa kuwa zilitakiwa kwa wingi katika majumba makubwa ya kompyuta za akili bandia.

Israfu nyingine ni taa za rangi na kasha la vioo, ambavyo havizidishi mwendo hata chembe. Ama ubakhili, mahali pake ni pawa saplai. Wako vijana wanaotoa fedha nyingi kwa kadi, kisha wakaitia sanduku la umeme lisilojulikana mtengenezaji wake, lililoandikwa wati ambazo haliwezi kuzitoa. Likiungua, huenda likaungua pamoja na vilivyounganishwa nalo. Alama ya 80 PLUS huonyesha kuwa umeme haupotei sana, wala peke yake si dhamana ya uzima wote. Jina la mtengenezaji na muda wa dhamana navyo vitazamwe. Na kwa kuwa umeme wa mijini kwetu hukatika na kurudi kwa kishindo, kifaa cha kuulinda si anasa.

Iko na njia ya tatu. Katika maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, na ya Luthuli, Nairobi, huuzwa kompyuta za maofisi zilizokwisha tumika. Achague yenye prosesa ya Intel Core ya kizazi cha 8 au zaidi, kwani msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hazizikubali prosesa za kabla ya hapo. Nafasi ya kadi katika ubao hutoa wati 75, na kadi nyingi za GTX 1650 zatosheka nazo bila ya waya wa ziada. Lakini apime nafasi kabla ya kununua, maana makasha mengine ni membamba na hutaka kadi fupi.

Ama kadi iliyotumika, inunuliwe kwa macho mawili. Zilipoacha kuhitajika kwa kuchimba sarafu ya Ethereum, mwezi wa Septemba 2022, kadi nyingi zilizofanya kazi usiku na mchana ziliingia sokoni. Mnunuzi aombe kuiona ikicheza kwa nusu saa, asikilize feni, atazame joto. Na muuzaji ajue kuwa Mtume S.A.W. alitia mkono katika chungu ya nafaka sokoni, akakuta maji yamefichwa chini, akamkemea mwenyewe kwa ghishi hiyo. Kuifuta kadi vumbi na kuficha ugonjwa wake ni maji yale yale, na fedha ipatikanayo kwa njia hiyo haina baraka.

Mwisho twawaambia vijana: msikope kwa riba kwa ajili ya mchezo. Mchezo wangoja, na riba haingoji. Nanyi wazazi, msikatae kabla ya kusikiliza. Mwambieni kijana aandike karatasini kila kiungo, bei yake na sababu ya kukichagua, kisha mkae naye mstari kwa mstari. Atakayeweza kukutetea kila mstari mbele ya baba na mama yake amekwisha jifunza kupima matumizi, na elimu hiyo atabaki nayo hata kadi itakapokuwa kuukuu.

Wa billahi tawfiq.