Mwacheni Mama wa Mtoto

Jumapili iliyopita mhubiri mmoja alitangaza redioni kwamba mtoto aliyevimba tumbo na kushindikana kwa dawa amebeba laana ya ukoo wa mama yake. Watu wakaitikia amina. Nilizima redio kwa hasira.

Chukua ugonjwa wa Gaucher, unaoitwa kwa jina la daktari Mfaransa aliyeueleza mwaka 1882. Mwili unapungukiwa kimeng'enya cha kuvunjavunja aina fulani ya mafuta ndani ya seli, nayo yanarundikana kwenye bandama, ini na uboho. Tumbo linajaa, damu inapungua, pua inatoka damu mara kwa mara, mifupa inauma. Kwetu bandama kubwa ni malaria hata kipimo kikikataa, basi mtoto anamezeshwa dawa za malaria mpaka anazichukia. Zikishindwa, anatafutwa mchawi. Na hatafutwi kwa kina baba.

Ili mtoto augue Gaucher, anarithi jeni yenye kasoro kwa baba na nyingine kwa mama. Moja haitoshi. Wazazi wenye jeni moja kila mmoja, kila mimba yao ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mgonjwa. Selimundu hurithiwa vivyo hivyo, na pamoja na sisi kuishi nayo miaka yote, bado namjua mwanamke aliyerudishwa kwao na mtoto mgongoni, ati damu yao ni mbaya. Damu ya nani? Nusu ni ya aliyemfukuza!

Wabishi husema, "Kwetu hajaugua mtu hivyo." Hoja ya kitoto. Mwenye jeni moja haugui. Anaoa, anazaa, anazeeka bila kujua. Afya ya babu yako haithibitishi chochote.

Na redio zinazouza vipindi kwa yeyote mwenye hela, lini zilimpa daktari wa watoto hata robo saa?

Kipimo cha Gaucher kipo. Matone ya damu yanakaushwa kwenye karatasi maalumu, yanatumwa hata maabara ya ng'ambo, kimeng'enya kinapimwa. Dawa ya kuurudishia mwili kimeng'enya hicho ilianza kuidhinishwa Marekani mwaka 1991. Ni ghali mno, lakini asiyejulikana ugonjwa wake hawezi hata kuombewa msaada wa kuipata.

Baba, kama mwanao ana tumbo la namna hiyo, nenda naye hospitali ya rufaa wewe mwenyewe, uliza kuhusu vimeng'enya, na ukitakiwa kutoa damu ya kupimwa, kunja mkono wa shati utoe.