Usimwambie mjane "samehe" kabla hujamwambia haki yake



Leo sina pishi la kuwapa wala habari za madera mapya. Nina jambo linalonikereketa, na nitalisema kama lilivyo.

Katika mji wetu wa Mombasa limezuka desturi. Mtu anagongwa na lori, matatu au bodaboda. Anazikwa. Siku ya pili au ya tatu, kabla ya hitima kusomwa, wanaingia wageni wawili watatu kwa wazee wa nyumba. Wanatoa rambirambi na bahasha. Katika bahasha mna elfu kumi, mna elfu ishirini, ikizidi sana elfu hamsini. Kisha inatolewa karatasi. Mjane aliye ndani na kanga ya msiba anaambiwa: "Ni kadari ya Mwenyezi Mungu, mama. Msamehe kijana wa watu. Tia sahihi hapa tumalize kwa wema." Asiyejua kuandika anatiwa wino kwenye dole gumba.

Huo si wema. Ni biashara inayofanywa juu ya kaburi bichi, na sisi wanawake tunaokaa na wafiwa ndio tunaoisaidia, tunapomnong'oneza mwenzetu: "Samehe, bibi, upate thawabu."

Tuutazame mji wenyewe. Mombasa ni kisiwa, na kisiwa hiki ni bandari. Mzigo unaoshushwa Kilindini hauishii hapa. Unakwenda Nairobi, Kampala, Kigali, Juba na Congo. Treni ya SGR ilipoanza mwaka 2017 tuliambiwa malori yatapungua barabarani. Simama Changamwe jioni uhesabu mwenyewe. Trela la kontena linakwenda sambamba na tuktuk, pembeni pana bodaboda imepakia mama na watoto wawili, na nyuma matatu mbili zinakimbizana kugombea abiria. Kutoka hapo hadi Mikindani, Miritini na Mariakani ni hayo kwa hayo. Katikati yake wanavuka watoto wa shule, na mama aliyejitwika karai la samaki. Mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, ilihesabu zaidi ya watu 4,700 waliokufa barabarani Kenya mwaka 2024, na kundi kubwa kuliko yote ni la waendao kwa miguu. Nyumba nyingi za mji huu hazina gari. Hao waendao kwa miguu ni sisi na watoto wetu.

Neno lenyewe, ajali, tumelitoa katika Kiarabu, nalo ni ule muda aliokadiriwa mja. Labda ndiyo sababu tukilisikia tunainamisha vichwa na kunyamaza. Lakini dereva aliyetoka Malaba bila kulala kwa kuwa tajiri wake anataka kontena jingine kesho, breki zilizokwisha zikaachwa, tuktuk ya watu watatu iliyojazwa watoto wanane wa madrasa: hayo ni mambo ya mikono ya watu.

Kuamini kadari ni katika nguzo za imani, na sibishani na nguzo. Nabishana na anayeitumia nguzo hiyo kufunga mlango wa haki. Fungueni Surat An-Nisaa, aya ya 92. Inamzungumzia aliyeua kwa makosa, bila kukusudia. Hakuambiwa aende zake kwa kuwa marehemu siku zake zilikuwa zimefika. Amewekewa kafara, na amewekewa dia, ifikishwe kwa watu wa marehemu, ila wao wenyewe wakiamua kuiacha kuwa sadaka. Zingatieni mpango wake. Kwanza haki inathibiti, ndipo mwenye haki, akiwa anaijua, akitaka anasamehe. Hapa kwetu tumeupindua: mtu anasamehe asichokijua, mbele ya watu wanaokijua vizuri.

Halafu, ni nani anayesamehe? Mume amekufa ameacha mke na watoto wanne, mdogo ananyonya. Ami yao anatia sahihi kwa niaba ya wote. Amepata wapi ruhusa? Mtu mzima anaweza kusamehe fungu lake. Fungu la yatima si lake, na surat hiyo hiyo, aya ya 10, inaeleza mwisho wa wanaokula mali ya mayatima kwa dhuluma. Sheria ya nchi nayo haikuliacha wazi jambo hili. Mapatano katika kesi ya mtoto mdogo hayaendi mpaka mahakama iyaridhie. Mzee anayesukuma karatasi ile sebuleni aulizwe hayo mawili kabla kalamu haijashikwa.

Najua majibu yatakayoletwa. La kwanza: "Mnataka kumfunga kijana maskini, mtoto wa mama mwenzenu." Dada zangu, hapa ndipo tunapofanywa wajinga. Kesi ya jinai ni ya serikali dhidi ya dereva. Kesi ya fidia ni nyingine kabisa. Dereva anaweza kufungwa na mjane asipate hata senti, kwa sababu fidia haiji yenyewe, ni lazima idaiwe. Na inapodaiwa, hadaiwi dereva peke yake. Anadaiwa pia mwenye gari aliyemtuma kazi, na nyuma yake ipo kampuni ya bima. Sheria ya Kenya ya bima ya magari, Sura ya 405, haimruhusu mtu kutia gari barabarani bila bima ya kuwalinda watu wengine, na bima hiyo hulipa mpaka shilingi milioni 3 kwa kila mdai. Mwenye lori amekwisha kuilipia. Basi mjane anaposamehe kwa elfu ishirini, aliyenufaika si kijana maskini. Amenufaika mwenye malori na mwenye bima, ambao wala hawakuja mazikoni.

La pili: "Pesa za bima ni haramu." Masheikh wamelizungumza sana suala la mtu kukata bima ya kibiashara, na ndiyo maana Kenya ina takafuli tangu mwaka 2011. Lakini mjane hakukata bima yoyote. Anadai dhamana ya aliyeharibu, na aliyeharibu analipa kutoka anapolipa. Kama una shaka, muulize sheikh unayemwamini, na umuulize swali zima: ni haramu kupokea dhamana, au ni haramu kumnyima yatima?

La tatu ndilo linalonichoma zaidi: "Marehemu alikuwa mama wa nyumbani tu, hana mshahara, kuna nini cha kudai?" Tu! Aliyepika, akafua, akalea, akamuuguza mama mkwe, akachoma mahamri alfajiri akalipa ada ya shule, huyo ndiye "tu". Mahakama zetu zimekwisha kuwatangulia wazee wetu hapa. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa ilisema kwamba vyeti na karatasi za mshahara si njia pekee ya kuthibitisha kazi na kipato cha mtu, kwa sababu Wakenya wengi hawaweki hesabu za maandishi. Na zipo hukumu zilizokubali kuwa kazi ya mke nyumbani ina thamani ya pesa. Anayeuza viazi karai mlangoni akavunjika mguu, siku alizolala kitandani ni hasara. Wateja wake wanaweza kusimama wakaisema.

Kuna na dhalimu wa upande wa pili, nisije nikaonekana namwona mmoja. Huyu anangoja kwenye milango ya hospitali. Ni broka. Anajua jina lako kabla ya daktari, anakuahidi mamilioni, anakutia sahihi ukiwa bado una dawa ya usingizi mwilini. Miaka inapita, kesi inalipwa, nawe unapewa kichele huku ukiambiwa kilichobaki ni "gharama". Jueni kwamba wakili haruhusiwi kutafuta wateja kwa mabroka, na mkataba wa kumlipa wakili pale tu kesi ikishinda hautambuliwi na Sheria ya Mawakili. Fidia ni yako. Ukidhulumiwa, iko Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, na malalamiko yanapokelewa.

Basi msiba ukiingia nyumba jirani, pamoja na sinia la wali tupeleke na haya:

1. Hakuna kutia sahihi wala dole gumba ndani ya siku za msiba. Rambirambi ipokewe kama rambirambi, bila karatasi.

2. Mtu mmoja mwenye akili timamu aende kituo cha polisi kuripoti na kuchukua abstrakti. Aliyejeruhiwa ajaziwe fomu ya P3. Hizi haziuzwi.

3. Ipigwe picha namba ya gari, na yaandikwe majina na simu za mashahidi siku ile ile. Mwenye kibanda cha kahawa aliyeona leo, mwezi ujao amehama.

4. Ziwekwe karatasi za hospitali na risiti zote, hata ya bodaboda ya kwendea kliniki.

5. Muda wa kufungua kesi ni miaka 3. Kwa aliyefariki, anayedai ni msimamizi wa mirathi, na wanaodaiwa haki zao ni mke au mume, wazazi na watoto. Pakipita miezi 6 bila msimamizi kushitaki, hao wenyewe wanaweza kwenda.

Na kuhusu eda: miezi 4 na siku 10 ni ibada ya mjane, haikuwekwa ili watu wapate nafasi ya kumaliza mambo yake nyuma ya pazia. Wanavyuoni wengi wanamruhusu kutoka mchana kwa haja ya lazima. Akipenda kubaki ndani, ndugu yake aende kwa niaba yake na amletee kila karatasi aione yeye mwenyewe. Asiyejua kusoma asomewe na binti yake, asisomewe na waliokuja na bahasha.

Simkatazi mtu kusamehe. Mwenye kujua kwamba anastahiki milioni, akaziacha kwa ajili ya Mola wake, huyo ana ujira mkubwa na sina la kumwambia ila kumwombea. Lakini aliyesamehe milioni akidhani ni elfu ishirini hakusamehe, ameibiwa. Na siku watoto wake watakaporudishwa nyumbani kwa kukosa ada, wale waliomwambia "ni kadari" hawatakuwapo sebuleni.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, awape shifaa waliolala hospitalini, na atupe sisi ndimi za kusema kweli kwenye misiba yetu. Mtumie dada yako maneno haya kabla hajayahitaji.